Mashine ya Siku Saba

Kinyozi mwenyewe hakuwa na hata unywele mmoja kichwani, ndiyo maana mtaa mzima ulimwita Kipara, naye akaitika bila kinyongo. Wateja walikuwa na utani wao usiochakaa: akili ni nywele, kila mtu ana zake, sasa wewe Kipara umebaki na nini? Naye huwajibu, "Zangu nimezificha. Nyie ndio mnaozimwaga sakafuni kwangu kila wiki." Watu hucheka, yeye hufagia, maisha yanaendelea. Lakini tuambiane ukweli mapema tusije tukalaumiana baadaye: mtu huyu alikuwa na akili nyingi kuliko shida zake, na akili ya namna hiyo haitulii mpaka itengeneze shida mpya.

Shida aliyokuwa nayo safari hii ilikuwa moja, tena ya heshima. Mdogo wake wa kike alikuwa anaondoka baada ya siku kumi na mbili kwenda nchi ya mbali, nchi ya baridi, kutunza wazee wa watu kwa mkataba wa miaka mitatu. Alikuwa kitindamimba wa mama yao, na Kipara alimwita Kitinda tangu akiwa wa kubebwa. Mama alifariki mtoto akiwa na miezi saba. Baba alishatangulia. Kwa hiyo Kipara, kijana wa miaka ishirini na mbili wakati huo, ndiye aliyemkorogea uji, akamsuka nywele kwa vidole vilivyozoea kunyoa, akamsomesha mpaka akapata cheti cha kutunza wagonjwa. Alimpa kila kitu alichoweza. Kimoja tu kilimshinda.

"Kaka, mama alikuwa na sauti gani?" Kitinda alianza kuuliza akiwa na miaka mitano.

"Ya kawaida."

"Ya kawaida ndiyo ipi?"

"Kama za wamama wengine."

Mtoto alikwenda kucheza, kesho akauliza tena. Alipokua aliacha kuuliza, lakini Kipara alijua hajaacha kutaka kujua. Picha za mama zilikuwepo mbili, moja kwenye fremu, nyingine ndani ya pochi ya Kitinda, imekunjika pembeni. Sura aliijua. Sauti utaitia kwenye pochi gani?

Na sauti yenyewe ilikuwepo, hilo ndilo lililomnyima Kipara usingizi. Ilikuwa juu ya kabati, ndani ya kanda ya video ya harusi yake mwenyewe, harusi ambayo kanda yake ilidumu kuliko ndoa. Mke aliondoka mwaka wa tatu, akachukua masufuria na televisheni, kanda akaiacha kama ilani. Kwa uchungu Kipara hakutaka kuiona tena, na alipopoa, deki za kanda zilikuwa zimeshatoweka madukani. Lakini alikumbuka kwamba katikati ya saa mbili za watu kula na kucheza, mpiga picha alimfuata mama pale alipokaa kwenye kiti cha plastiki karibu na ukuta, Kitinda mchanga mapajani, akamwomba aseme neno. Mama akasema. Kama dakika nne hivi. Alisema nini, Kipara hakukumbuka hata kidogo. Siku ile bwana harusi alikuwa na kiatu kinachombana na deni la mapambo.

Aliipeleka kanda kwa jirani yake wa kazini, fundi wa redio na televisheni ambaye kibanda chake kilitazamana na cha kinyozi. Huyu wakimwita Waya. Waya akaifungua kifuniko, akaitazama kwenye mwanga, akasonya.

"Imeota kuvu, ndugu yangu. Ona huu weupe. Itazunguka mara moja, labda mbili, kisha basi."

"Nikisharekodi kwenye diski?"

"Ukisharekodi, hata ikifa haidhuru. Deki ya kanda nitakuazima, ipo hapo chini. Mashine ya kurekodi diski ndiyo sina, tafuta."

Mjini alikuwepo mtu aliyehamisha kanda kwenye diski kwa malipo, lakini alitaka aachiwe mwezi mzima, na bei yake ilimfanya Kipara ashike kichwa kisicho na nywele. Kwa bei ile, akasema, nanunua mashine yangu.

Ndivyo alivyojikuta Jumamosi jioni ndani ya duka la vyombo vya umeme, amevaa shati la kutokea, mfukoni ana bahasha yenye akiba yote ya miezi minne. Na bahasha ile, msikilize vizuri, ilikuwa na kazi mbili. Alitaka mashine. Vilevile alitaka koti la baridi, koti la kweli lenye manyoya ndani, kwa sababu Kitinda alikuwa anakwenda kwenye theluji na sweta la shule. Hesabu ilikataa. Ukinunua mashine, hupati koti. Ukinunua koti, hupati mama.

Ukutani, juu ya kaunta, palibandikwa karatasi: KISICHOKURIDHISHA RUDISHA NDANI YA SIKU SABA KIKIWA KWENYE BOKSI LAKE. Kipara aliisoma mara mbili. Pale pale zile akili zilizofichwa ndani zikaamka zikajinyoosha.

Mwenye duka alikuwa mzee mnene wa maneno mengi, aliyependa mashine zake kama wengine wanavyopenda wajukuu. Alimpitisha kwenye rafu taratibu.

"Hii ya kwanza ina kumbukumbu ndani yake, inarekodi hata bila diski. Lakini hii ni ya wenye nazo, nisikudanganye. Hii ya pili ina tundu la kanda na tundu la diski pamoja. Unatia kanda huku, inatokea diski huku, huhitaji hata waya. Na hii ya tatu ni ya diski tu. Ukitaka kuchukua kitu kutoka mahali pengine, unaunganisha kwa nyaya hizi tatu, nyekundu, nyeupe na njano. Bei yake ni ya huruma kwa sababu imekaa kwenye kioo mwaka mzima."

"Hiyo hiyo ya huruma," Kipara akasema.

"Unataka kurekodi nini?"

Kipara alifungua mdomo aseme. Neno lilikuwa limeshafika kwenye ulimi. Lakini mzee hakuweza kuuliza swali akanyamaza kama watu wengine. "Nauliza kwa sababu wapo wajanja," akaendelea. "Mtu ananunua mashine, anarekodi harusi yake moja, siku ya tano ananirudishia, ati haikumridhisha. Mimi si duka la kuazima. Siku hizi wa harusi nawajua kwa macho tu, nawaambia bidhaa hairudi."

"Mpira," Kipara akasema. "Mimi ni wa mpira tu, mzee. Mechi zinachezwa nikiwa kazini."

Uso wa mzee ukang'aa. "Ah, mwanamichezo! Basi kwako ni rahisi sana. Chukua diski hizi za kufutika. Unarekodi Jumamosi, unaangalia Jumapili, Jumatatu unaifuta, unaanza upya. Diski moja inakutosha mwaka. Zile nyingine zisizofutika ni za vitu vya kukaa, na zina mambo yake mwisho wa kurekodi, wewe hazikuhusu."

Mambo gani hayo? Mtu mwingine angeuliza. Kipara naye alitaka kuuliza, tena swali lilimwasha, lakini mtu wa mpira ataulizaje habari za vitu vya kukaa? Njia ya mwongo ni fupi, na yeye alikuwa ameshafika mwisho wake kabla hajatoka dukani. Akalipa, akapokea diski moja ya kufutika na risiti, akabeba boksi kwa mikono miwili kama anayebeba mtoto wa watu.

Jumatatu ni siku ya vinyozi kupumzika. Kipara alitaka iwe siri, zawadi ya jioni ya mwisho, waketi wawili tu, bonyeza, mama atokee. Aliuona uso wa Kitinda akilini mwake mara nyingi mno, mpaka aliogopa atacheka peke yake barabarani na watu wamwone mwehu. Kwa hiyo mchana ule akamwita.

"Kitinda mama, niendee kule sokoni ukaniletee mafuta ya mashine za kunyolea."

"Si ulinunua juzi, Kaka?"

"Yale mepesi. Nataka yale mazito. Usiharakishe, jua kali."

Kitinda alimwangalia, akatabasamu, akachukua mfuko akaenda. Kipara akafunga mlango kwa komeo. Akaitoa mashine kwenye boksi kwa uangalifu wa daktari wa upasuaji, mapande meupe ya kukingia akayapanga kitandani kwa mpangilio ule ule, karatasi za plastiki akazikunja bila kuzikunjakunja. Hata betri za rimoti hakuzitoa kwenye ganda lake, akatumia za saa ya ukutani. Kijitabu cha maelekezo kilikuwa na lugha tisa na hakuna hata moja iliyokuwa yake, akakirudisha palepale kisije kikapata alama za vidole. Akaunganisha nyaya za deki, mashine na televisheni yao ndogo, nyekundu kwa nyekundu, nyeupe kwa nyeupe, njano kwa njano. Akatia kanda kwenye deki ya Waya. Akabonyeza kitufe chekundu.

Ilicheza. Mungu ni mwema, ilicheza, ingawa picha ilikuwa ikitetemeka na michirizi ilipita juu. Akaiona harusi yake kama ya mtu mwingine. Akajiona ana nywele. Mke akapita akiwa mwembamba na mwenye furaha, Kipara akamtazama bila chuki, akashangaa chuki imekwenda wapi.

Baada ya saa nzima mama akatokea. Amekaa kwenye kile kiti, mkono mmoja chini ya kichwa cha mtoto, mwingine unakataa kamera. Kisha akaanza kusema. Kipara akaongeza sauti ahakikishe inaingia, na sauti ile ikamjia chumbani kama mtu aliyefungua mlango bila kubisha. Aliijua mara moja. Miaka yote ile alikuwa akisema ni ya kawaida, kumbe haikuwa ya kawaida hata kidogo. Ilikuwa na mkwaruzo kidogo, na ilikuwa ikicheka kabla ya kumaliza sentensi. Machozi yakataka kuja. Akajiambia, hapana, si leo, si peke yangu kama mwizi. Tutaisikiliza wote wawili. Akapunguza sauti mpaka karibu na sifuri, akageuza mgongo, akaanza kutafuta gundi ya kufungia boksi.

Dakika nne zikapita nyuma yake.

Kanda ilipofika mwisho aliijaribu diski kwenye mashine ile ile. Bi harusi akatokea, gari lenye maua likatokea, safi. Ikamtosha. Akabonyeza deki irudishe kanda nyuma, na ndani ya deki kukasikika mlio wa kitu kinachotafunwa. Alipoitoa, ilitoka imejikunja kama tambi, na ule unga wa kahawia, ambao ndio picha na ndio sauti, ulimbaki vidoleni. Waya alipoiona kesho yake alitikisa kichwa.

"Bahati yako uliwahi."

"Bahati?" Kipara akacheka. "Sema akili."

Jumatano akairudisha mashine. Mzee hakuwepo, kwenye kaunta alikuwa msichana wa duka, ambaye alihesabu kila kitu ndani ya boksi, akashangaa ganda la betri halijafunguliwa.

"Kasoro yake nini, kaka?"

"Haikuniridhisha tu."

Pesa zikarudi kwenye bahasha ile ile. Siku iliyofuata koti likanunuliwa, zito, la bluu, lenye kofia na manyoya. Kitinda alilivaa ndani ya nyumba wakati wa joto la mchana, akajizungusha, jasho likimtiririka, akasema, "Kaka, umeiba wapi?" Kipara akacheka mpaka akakaa chini. Kwa siku tano zile nadhani hakukuwa na mtu mwenye furaha kuliko yeye mtaani. Alimnyoa mlinzi wa benki bure. Ujanja mwingi mbele giza, wazee walishasema, lakini mtu akiwa kwenye mwanga wake nani atamwambia habari za giza?

Jumanne, siku moja kabla ya safari, asubuhi, alivuka barabara kwenda kwa Waya na diski kifuani. Alitaka nakala ya pili, ya kwake mwenyewe, abaki nayo. Waya akaitia kwenye deki ya diski. Ikazunguka, ikakoroma, ikaitema. Akaitia kwenye nyingine. Ikaitema. Akaitia kwenye kompyuta ya mteja. Kimya.

"Ulirekodi kwenye mashine gani?"

Kipara akamwambia.

"Basi mashine haikuifunga," Waya akasema polepole. "Nimeshaletewa za namna hii. Ukimaliza kurekodi, mashine ile ile lazima uiamuru iifunge diski, ndipo mashine zote ziisome. Usipofanya hivyo inasomwa na iliyoiandika tu. Lakini usitie wasiwasi, vitu vimo. Irudishe kwenye mashine yako, dakika tano tu imekwisha. Mashine si unayo?"

Kipara alikuwa ameshafika barabarani, na shuka la kinyozi bado limemning'inia shingoni.

Dukani alimkuta yule msichana. Mashine? Ile ya kwenye kioo? Iliuzwa kesho yake asubuhi, mtu mmoja wa safari, alilipa taslimu, hakutaka hata risiti. Anatoka wapi? Hakusema. Gari lake? Sikuona, kaka, nilikuwa naandika. Kipara alishika kaunta kwa mikono miwili.

"Nyingine kama ile?"

"Kama ile haipo. Hii ya pili ni ya kampuni hiyo hiyo, ya kanda na diski."

"Niijaribu hapa hapa. Nina diski yangu."

"Ina nini?"

Na hapa ndipo ninapotaka kumshika mtu huyu mabega nimtikise, kwa sababu mlango ulikuwa bado wazi. Angeweza kusema. Lakini alikumbuka ile karatasi ya ukutani na maneno ya mzee kuhusu wajanja wa harusi. Aliogopa akijitaja watamfukuza bila kuijaribu. Uwongo ukishakuwa na nyumba kichwani hauhami kwa siku moja.

"Mpira," akasema. "Kuna mechi."

Msichana akawasha mashine, akampa rimoti, akaenda kumhudumia mama mmoja aliyetaka pasi. Kipara akatia diski. Mashine ikaivuta, ikafikiri kwa muda mrefu. Kisha kwenye skrini yakatokea maandishi ya kigeni, mistari miwili mirefu, na chini yake vijisanduku viwili. Mistari ile hakuielewa. Vijisanduku alivielewa, maana maneno yale mawili kila mtu anayajua: kimoja kilisema ndiyo, kingine hapana.

Alifikiri kidogo, si kwamba hakufikiri. Akajiambia: nimekuja kuomba kitu. Mashine inaniuliza kama nakitaka. Anayetaka kitu husema ndiyo.

Akabonyeza.

Ukatokea mstari mwembamba uliojaa taratibu kutoka kushoto kwenda kulia. Kipara akautazama kwa matumaini, akisema kimoyomoyo, fungua mama, fungua. Ulipofika mwisho, mzee mwenye duka aliingia kutoka nyuma akipangusa mdomo, amemaliza kula.

"Aa, mwanamichezo! Umerudi?"

"Mzee, nisaidie. Mbona haionyeshi kitu?"

Mzee akachukua rimoti, akabonyeza hapa na pale. "Haina kitu. Ni nyeupe kabisa. Umeiandaa upya sasa hivi, ona. Mashine haikuielewa diski yako, ikauliza kama ni mpya iifute, nawe ukaikubalia. Si neno, utarekodi mechi nyingine." Akainua macho, akaona uso wa Kipara. Akaweka rimoti chini. "Kulikuwa na nini humu?"

"Mama yangu."

Hata yule mama wa pasi aligeuka.

"Amefariki," Kipara akasema. "Anaongea. Kanda imeshakufa. Hakuna nyingine, mzee, hakuna pengine popote. Irudishe."

"Hairudi."

"Nitanunua mashine. Hii hapa, naichukua. Nitakulipa kidogo kidogo, nitakunyoa mpaka ufe. Irudishe."

"Bwana wee, kingekuwa kitu cha kuuza ningekupa bure." Mzee alikaa kwenye kiti chake, maneno yamemwishia kwa mara ya kwanza katika umri wake. Akaitoa diski, akaigeuza kwenye mwanga, inang'aa kama iliyotoka kiwandani. Kisha akasema, si kwa ukali, na ingekuwa heri angesema kwa ukali: "Mbona uliniambia mpira? Ungesema ni mama, ningekupa isiyofutika. Ningeifunga mwenyewe, hapa hapa, kwa mkono wangu."

Kipara alitembea kwa miguu mpaka nyumbani. Kibanda chake alikipita kikiwa wazi, mteja ameachwa kitini na nusu ya kichwa. Mchuma janga hula na wa kwao, na wa kwake alikuwa mmoja tu, aliyekuwa chumbani amepiga magoti juu ya sanduku akijaribu kulifunga.

Hakutafuta maneno. Alikaa ukingoni mwa kitanda akamwambia yote kwa mpangilio, kanda, kuvu, duka, mpira, siku saba, koti, ndiyo na hapana. Hakujipunguzia hata tone. Kitinda aliacha kufunga sanduku kaka yake alipofika kwenye mama, na hakusogea tena. Kipara alitamani Kitinda apige kelele. Alitamani amtukane, achukue lile koti lililolala juu ya kiti alichanechane. Msichana hakufanya chochote kati ya hayo.

"Kwa hiyo ulimsikia," hatimaye Kitinda akasema.

"Kidogo."

"Alisema nini?"

Kipara akafumba macho, akatafuta. Aliuona mkono chini ya kichwa cha mtoto. Aliyaona mapande meupe ya boksi kitandani, na gundi. "Sijui," akasema. "Nilipunguza. Nilitaka tusikilize pamoja. Nisamehe, mama. Alitaja jina lako, nafikiri. Alikuwa amekushika."

"Ilikuwa siku gani?"

"Jumatatu ile. Nilipokutuma."

"Mafuta mazito?"

"Ndiyo."

Kitinda akaketi sakafuni, mgongo kwenye sanduku. Akaangalia mlango, ule mlango wa mbao wenye komeo, usiozuia upepo wala kelele za majirani.

"Soko lilikuwa limefungwa nusu siku," akasema. "Nilirudi mapema, Kaka. Nilifika hapo nje, nataka kubisha, nikasikia mwanamke anaongea ndani. Anacheka."

Kipara akainua kichwa.

"Nikafurahi sana," Kitinda akasema. "Nikajua leo Kaka ana mgeni. Miaka yote hujaleta mtu kwa ajili yangu, nikasema, afadhali, ninaondoka hatabaki peke yake. Nikaona nisikuaibishe."

"Ulisikia anasema nini? Kitinda, ulisikia?"

"Sikusikiliza. Nitasikilizaje mgeni wako?" Sasa ndipo machozi yalipoanza kumtoka, taratibu, bila yeye kuyapangusa. "Nilikwenda nikakaa pale kwenye kona, juani, nikamsubiri aondoke."